Waliofurushwa na Mto Tana Nao Waandikwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bura, Kaunti ya Tana River. Ombi langu ni moja: watu wetu waliofurushwa na mafuriko waandikwe, wapewe namba na wajue wanachostahili, kama anavyoandikwa mkimbizi anayefika Dadaab.

Madogo iko katika eneo bunge letu la Bura. Ukivuka daraja tu, uko Garissa, kaunti yenye kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991. Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja, ulipozinduliwa Machi 2025, maneno yakawa makali huku kwetu: mgeni anajengewa, mwenyeji analala nje.

Uchungu huo naujua. Hoja yenyewe siikubali. Mkimbizi hakuchukua hema la mtu wa Bura, na mwaka huohuo wa 2025 yeye pia alipunguziwa mgao wa chakula kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Ukimpokonya kidogo alichobaki nacho, hakuna mtu wa Mororo, hapo Madogo, atakayepata nyumba.

Tofauti iko kwenye daftari. Mkimbizi ana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na idara inayomtambua kwa jina. Kwetu, Tana ilipofurika mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, Mororo ilizama, barabara ikakatika, na familia zikafunga maturubai juu ya nguzo za mathenge kando ya lami. Majina yaliandikwa kwenye daftari la shule. Wakaja waandikaji wengine, yakaandikwa upya. Nilimsikia mama mmoja akiulizwa kwa mara nyingine ana watoto wangapi. Alijibu, kisha naye akauliza: "Na yale majina ya kwanza yako wapi?" Aliyeshika kalamu aliendelea na hema lililofuata.

Kukosa utaratibu kumetugharimu roho za watu. Baadaye mwaka 2024, mzozo juu ya mahali pa kuwahamishia waathiriwa wa mafuriko ulizua mapigano katika kaunti ndogo ya Tana North, hadi wizara yako ikatangaza sehemu hizo kuwa eneo la hatari.

Sheria ya kuwalinda waliohama makwao ndani ya nchi tunayo tangu 2012, na inawataja wazi waliohamishwa na majanga. Hata kazi ya kuwapa watu makao si ngeni kwa serikali. Miaka ya themanini, mradi wa umwagiliaji wa Bura ulileta zaidi ya familia 2,000 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, zikapewa nyumba, mashamba ya pamba na vijiji vyenye namba. Pampu zake za maji za Nanighi zilikuja kuchakaa na mradi ukayumba, lakini watu walipangwa na wakakaa. Wengi wapo hadi leo.

Idara ya wakimbizi na machifu wetu wote wako chini yako, Mheshimiwa. Agiza rejista moja ya waathiriwa, ibandikwe ofisi ya chifu kila mtu aisome. Ardhi ya mwinuko itafutwe katika baraza la wazi, Wapokomo, Waorma, Wawardei na Wamunyoyaya wakiwepo, kabla mpimaji hajakanyaga. Kila familia ipewe karatasi ya kiwanja chake. Na kazi hiyo ianze kabla ya mvua za vuli.

Mkazi wa Bura