Acheni Kuflashi Simu Zisizo na Kosa

Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha nne, alirudi kutoka kwa fundi na simu nyeupe pe: haina picha, haina namba, haina hata notisi za Biolojia alizopiga picha kwenye daftari la mwenzake. Kosa la simu hiyo lilikuwa moja tu. Kila alipotafuta kitu Google, alitakiwa kwanza athibitishe kwamba yeye si roboti: achague picha zenye taa za barabarani, kisha pikipiki, kisha ngazi, halafu aanze upya. Fundi akasema simu ina virusi, akaiflashi, akalipwa. Jioni ile ile, kwa laini ile ile na bando lile lile, taa za barabarani zikarudi.

Imani kwamba maswali haya ni dalili ya virusi imeenea vijiweni, vyuoni na hata maofisini. Ni imani potofu, na inawatia watu hasara.

Chanzo cha maswali hayo mara nyingi ni kingine: kila anayeingia intaneti hutambulika kwa anwani ya namba. Mfumo wa anwani ambao bado unatumika sana ulisanifiwa mwaka 1981, na anwani zake zote ni takribani bilioni 4.3. Dunia leo ina watu zaidi ya bilioni 8, na wengi wana kifaa zaidi ya kimoja. Afrika ilipata fungu dogo. Kwa hiyo kampuni za simu zinafanya kama mwenye nyumba ya kupanga: zinaweka wateja wengi, pengine mamia, ndani ya ua mmoja wenye geti moja. Wewe wa Mbagala na mwenzako wa Kibaha, msiojuana kabisa, mnaweza kuonekana mtandaoni kwa anwani moja.

Mlinzi wa upande wa pili, yaani Google, havioni vyumba vyenu, analiona geti tu. Mpangaji mmoja akiendesha programu inayotuma maswali mfululizo usiku kucha, au wapangaji wote wakitafuta vitu kwa pamoja, mlinzi anaona msururu usio wa kawaida, na kila atokaye anasimamishwa. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Mtandaoni methali hiyo imefanywa sheria, na wewe unahukumiwa kwa uvundo wa samaki usiyemjua.

Ushahidi unaweza kuupata mwenyewe, bila kulipa hata shilingi. Zima data, tumia Wi-Fi ya mtu unayemwamini, tafuta kitu kile kile. Maswali yakikoma, simu yako haina hatia. Ukirudi kwenye laini yako, washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika kisha uizime. Huenda mtandao ukakupa anwani nyingine. Kama unatumia VPN ya bure, izime, maana umehama geti la kampuni ya simu ukaenda kupanga foleni kwenye geti lenye watu wengi zaidi. Kama unatafuta kwa hali fiche au unafuta vidakuzi kila mara, acha kwa muda: vidakuzi ndivyo vinavyomkumbusha mlinzi kwamba jana mlishaonana.

Nitaambiwa kwamba zipo simu zenye programu mbaya kweli. Zipo. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Hola, huduma ya VPN ya bure, ilikuwa ikiwauzia wateja wengine njia ya intaneti ya watumiaji wake. Ukiwa na programu ya namna hiyo, watu wengine wanapita mtandaoni kwa jina lako, na maswali yatakufuata kwenye kila mtandao utakaojiunga nao. Hata hapo, dawa ni kuondoa programu ulizopakua karibuni moja baada ya nyingine mpaka umpate mkosaji. Picha za familia hazina kosa.

Wala usidhani kwamba kusimamishwa kunasema lolote juu yako. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha ETH Zurich walionyesha programu inayofumbua mafumbo yote ya picha ya toleo la pili la reCAPTCHA, mfumo wa Google unaouliza maswali haya. Roboti linapita, mwanafunzi anabaki getini akihesabu pikipiki.

Ubaya mkubwa wa imani hii ni kwamba inawalisha matapeli. Aliyekwisha kuamini kwamba simu yake inaumwa, akikutana na ukurasa unaosema "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti" au "Simu yako ina virusi, pakua dawa hapa", atabonyeza. Kuanzia hapo matangazo machafu yatamiminika kwenye simu yake, au ataingiza virusi kwa mkono wake mwenyewe. Uthibitisho wa kweli kwa kawaida unaishia kwenye alama ya tiki au picha. Hauombi ruhusa ya kukutumia arifa, haukutaki upakue kitu, na kamwe hauulizi namba ya siri ya pesa.

Kampuni za simu nazo zisijifiche nyuma ya mafundi. Anwani za mfumo mpya, IPv6, zilisanifiwa tangu miaka ya 1990, na ni nyingi kiasi cha kumtosha kila mteja na kila kifaa. Ziharakishe kuzitumia, kwani mteja anayelipia bando analipia kufika anakokwenda.

Na wewe fundi, kabla hujagusa simu ya mtu, muulize: umejaribu mtandao mwingine? Nawe mwenye simu, fundi akitaka kuiflashi kabla ya kukuuliza swali hilo, ichukue simu yako urudi nyumbani.