MOTOKAA NA SHAMBA: Sanduku la Usukani kwa Ekseli Nzima

Wakulima wa Uasin Gishu wameijua ekseli nzima tangu zamani. Makaburu walipopanda nyanda hizi kutoka Nakuru mwaka 1908, magari yao ya kukokotwa na ng'ombe yalikuwa na ekseli ya mbele iliyogeuka yote pamoja, na usukani ulikuwa ng'ombe wenyewe. Land Rover ya mwaka 1948 nayo ilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma. Na Toyota Land Cruiser ya namba 70, iliyotoka mwaka 1984, ingali na ekseli ya namna hiyo.

Pikapu nyingi za siku hizi, lakini, zina magurudumu ya mbele ambayo kila moja lapanda na kushuka peke yake. Jambo hilo ni raha katika lami, ila mashimo ya njia za shambani huchosha viungo vyake upesi. Ndiyo sababu wenye magari wengine huagiza fundi atie ekseli nzima. Hapo macho yote huelekea ekseli na springi, na sanduku la usukani husahauliwa. Yafaa tukumbuke kwamba ekseli hubeba gari, na sanduku la usukani hubeba roho za watu.

Kwanza, usukani wa fimbo yenye meno, ulio katika pikapu nyingi mpya, haufai tena. Huo hufungwa katika chasisi, hali ekseli nzima hupanda na kushuka. Gari litajigeuza lenyewe kila likikanyaga shimo. Lazima litafutwe sanduku lenye mkono.

Pili, tazama mkono huo waenda wapi. Katika Hilux za zamani zenye ekseli nzima, mkono huenda mbele na nyuma, na springi zikiinama sana usukani huvutwa. Afadhali mkono uendao kulia na kushoto, wenye fimbo ndefu ivukayo gari mpaka gurudumu la upande wa pili. Fimbo hiyo na ilale karibu sawa na ardhi. Kama springi ni za koili, fimbo na chuma kizuiacho ekseli kwenda kando viwe na mwinamo mmoja, na urefu unaokaribiana.

Tatu, usukani wetu Kenya uko kulia. Sanduku la gari la usukani wa kushoto laweza kukosa nafasi, au kugeuza magurudumu kinyume. Usilipe fedha kabla ya kujua sanduku limetoka katika gari gani.

Nne, sanduku lisaidiwalo na mafuta lapatane na pampu yake. Pampu dhaifu itafanya usukani uwe mzito. Pampu yenye nguvu kupita kiasi yaweza kupasua vizibo.

Tano, mahali pa kufungia. Chasisi iongezwe bamba la chuma, na bolti zipite ndani ya mabomba madogo ili zisiiponde. Fundi akitaka kuupasha moto mkono wa sanduku ili aupinde, mkataze. Chuma hicho hupoteza ugumu wake.

Kazi ikiisha, gari liinuliwe na usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote mbili. Vizuizi vya ekseli ndivyo viyasimamishe magurudumu. Sanduku lisifike mwisho wake kwanza. Kisha springi zibanwe na kulegezwa, mtu akitazama kama fimbo au mpira wa mafuta wagusa kitu. Na kabla ya kuanza kazi yote hii, ulizeni NTSA kuhusu ukaguzi na maandishi ya gari lililobadilishwa.

Gharama ya sanduku jema huonekana kubwa katika gereji ya Eldoret. Lakini mwenye kuteremka kutoka Iten kwenda Tambach, amepakia magunia ya mahindi na watoto wake wako mbele pamoja naye, hatauliza bei yake tena. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.