Mgeni wa Mfangano Alale Sena

Mgeni akifika Kisumu, ratiba yake huwa naijua kabla hajaitamka. Mchana ni samaki mzima kwa ugali kando ya ziwa. Alasiri ni mashua ya Dunga kutazama viboko na mafunjo, jioni ni picha ya jua likitua, na asubuhi gari la Maasai Mara linamngoja mlangoni. Akibaki na siku ya ziada atavuka daraja la Mbita hadi Rusinga, asimame kwenye kaburi la Tom Mboya, kisha ageuze. Visiwa vilivyo mbele ya hapo huonyeshwa kwa kidole tu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Kisumu, na kazi yangu ni ualimu. Mume wangu ana watu wake Mfangano, kimojawapo cha visiwa hivyo, na ndiyo sababu kisiwa hicho nimekijua kwa kulala, si kwa kupita. Ninachowaambia wenzangu, wageni na wenyeji wa Kenya hii, ni kimoja: ukienda Mfangano, usirudi siku hiyo hiyo. Lala Sena.

Sena ndiyo makao makuu ya kisiwa. Ofisi za serikali ziko hapo, kituo cha afya kiko hapo, na boti za abiria hutia nanga hapo. Kuna maduka ya mabati, kinyozi, wakala wa M-Pesa, na vijana wa bodaboda wanaomjua kila anayeshuka. Nyuma ya mji mlima unapanda moja kwa moja. Kilele chake, Kwitutu, kiko zaidi ya mita 500 juu ya maji, na ziwa lenyewe tayari liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana jioni baridi huingia mapema kuliko mtu wa pwani anavyotazamia. Beba sweta.

Kutoka Kisumu njia za kufika ni mbili. Unaweza kupanda matatu kupitia Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, au upitie Bondo hadi Luanda K'Otieno uvuke kwa feri hadi Mbita. Mimi huchagua feri, kwa sababu ghuba hufunguka polepole mbele ya macho na mtu hutambua ziwa hili ni pana kiasi gani. Kutoka Mbita unachukua boti pamoja na magunia ya unga, kreti za soda, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Nenda asubuhi. Alasiri upepo huamka na mawimbi hupiga ubavuni, na manahodha wenye busara hawapendi kushindana nao.

Upepo huo ndio unaomhukumu mgeni wa siku moja. Akifika karibu na saa sita na akatakiwa kuondoka kabla ziwa halijachafuka, anabaki na saa chache tu za jua kali. Saa hizo Sena imelala. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wamerudi alfajiri na wako vitandani. Akina mama wamekwisha kununua, kuanika na kwenda shambani. Wazee wako kivulini mbali na njia. Mgeni anakuta ufuo mtupu na mbwa wawili, anapiga picha, kisha anaandika kwamba kisiwa ni kitulivu sana.

Angelala, angeona mambo mengine kabisa. Magharibi mashua huondoka moja baada ya nyingine, na giza likishika taa huwashwa ziwani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za sola. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi, na mwezi ukiwa mpevu mashua hupumzika. Mtu wa Sena huhesabu siku zake kwa mwezi kuliko kwa kalenda ya ukutani. Karo ya shule, deni la dukani, hata siku ya harusi, vyote hupangwa kwa kutazama giza litarudi lini.

Kisha alfajiri. Mashua zinapokaribia, akina mama wamekwisha kuingia majini hadi magotini na ndoo mikononi. Bei hutajwa kwa sauti ya juu, hukataliwa, hutajwa tena. Nimewaona wakitazama mawingu ya mashariki kabla ya kutoa neno. Omena inahitaji jua la siku hiyo hiyo, na ikinyeshewa kwenye nyavu ilikoanikwa itashuka thamani na pengine kuishia kwenye chakula cha kuku. Basi wingu likitanda, bei huanguka papo hapo. Somo hilo la uchumi sijalipata darasani popote, na sijui mgeni wa saa sita mchana atalipatia wapi.

Mama ninayelala kwake, anayeniita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, mpaka leo, alinieleza upande wake tukiwa tunapika. "Mgeni akilala, mimi nanunua ngege kwa jirani, sukuma kwa mwingine, na kijana wangu anapata wa kumpandisha mlimani. Akirudi mchana, ameniachia chupa tupu ya maji." Yeye analipa karo ya watoto kwa vyumba viwili vya kukodisha. Sioni tangazo lolote la utalii linaloweza kumfaa kama mtu mmoja anayelala kwake usiku mmoja.

Wapo wanaoniambia tuwaache wageni mbali, maana watachafua. Hofu hiyo naiheshimu, hasa nikikumbuka michoro ya kale ya kisiwani. Kwitone na Mawanga kuna miamba yenye duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo wataalamu huinasibisha na Watwa, wawindaji waliokuwa hapa kabla ya Waabasuba, wenyeji wa sasa. Wenyeji waliirithi wakaiheshimu, na Mawanga palihusishwa na ibada za mvua. Mzee aliyenipeleka alisimulia jinsi watu waliotangulia walivyotaka kuumwagia mwamba maji ili rangi ing'ae kwenye picha. "Mwanangu, maji hapana. Maji yanakula," aliniambia, na akasimama kati yangu na ukuta ingawa sikuwa na chupa mkononi.

Lakini anayefanya hivyo ni mgeni mwenye haraka, aliyepanda bila mwenyeji kwa sababu boti inamngoja. Aliyelala amekwisha kuzungumza na watu, amepita kwenye Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, amelipa kiongozi wa kijijini, na anajua anakwenda mahali pa nani. Amesikia pia Olusuba, lugha ya Waabasuba, ikizungumzwa. Waabasuba husimulia kwamba wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, na lugha yao ni ndugu wa Luganda, ila vizazi vya sasa vimehamia Dholuo. Mchana, sokoni na ofisini, utasikia Dholuo na Kiswahili. Olusuba utaisikia usiku, wazee wakiwa wamekaa baada ya kula. Inaniuma kwamba mtu anaweza kuja kisiwa hiki na kuondoka bila kusikia hata salamu moja kwa lugha ya wenyewe.

Majirani zetu wametuonyesha namna ya kumlaza mgeni. Ng'ambo ya ziwa hili, Uganda, feri ya MV Kalangala imekuwa ikiondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na kurudi kutoka Lutoboka asubuhi ya kesho yake. Abiria anayetaka kurudi kwa feri hiyo hana njia ila kulala katika visiwa vya Ssese. Kando ya gati la Lutoboka pakaota nyumba za wageni, wapishi na waongozaji. Saa ya kuondoka kwa chombo ilifanya kazi ambayo mabango hayangeiweza. Nasi watu wa pwani tunajua kwamba Lamu haikulelewa na wageni wa kupita. Ililelewa na waliokaa, wakamtafuta fundi, mshonaji na nahodha kwa jina.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya kaunti ya Homa Bay si hoteli kubwa wala tamasha jingine. Liwepo gati imara Sena, ili mama mjamzito na mzee wasibebwe mgongoni kuvuka maji. Kila abiria apewe jaketi ya kuokoa maisha inayofungika, na boti isiondoke ikiwa imezidi uzito. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, Tanzania, ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa katika ziwa hili hili, gati likiwa karibu. Baada ya msiba huo sielewi kwa nini bado tunabishana juu ya jaketi.

Na kiwepo chombo kimoja cha umma kinachoondoka Mbita saa ile ile kila siku, kiende Sena kupitia kisiwa cha Takawiri, kilale huko na kurudi asubuhi ziwa likiwa limetulia. Mgonjwa wa Sena atajua lini anafika hospitali ya Homa Bay, mwalimu atajua lini anarudi kazini, na mgeni atalala. Ratiba ibandikwe Mbita, Luanda K'Otieno na kwenye stendi ya Kisumu, kwa Kiswahili, Dholuo na Olusuba, na chini yake iandikwe kwamba kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, ili anayezifuata zile taa achague mwezi wake vizuri.