Je, Akiba Haiozi?

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Ni neno la kweli kwa mtu aliyeweka fedha zake benki. Lakini mimi, niliyelinda lango la timu yetu ya mpira wa magongo kwa miaka miwili, nasema kwamba kipa wa akiba huoza, na hapa shuleni tumekuwa tukimwozesha kwa mikono yetu wenyewe.

Waliokuwapo uwanjani siku ya fainali muhula uliopita wanakumbuka yaliyotokea. Tulikuwa tukiongoza kwa bao moja. Mwanzoni mwa kipindi cha pili nilijitupa kuzuia mpira wa kona fupi, nikaangukia mkono, nikashindwa kuendelea. Kusema kweli, mkono huo ulikuwa ukiniuma tangu juma lililotangulia, wala sikumwambia mtu, kwa kuwa niliogopa kupoteza nafasi yangu. Ikabidi aingie mwenzangu wa Kidato cha Pili. Alivaa pedi zangu zilizolowa jasho, na ambazo ni kubwa kwake. Tangu achaguliwe alikuwa hajacheza mechi hata moja. Alifungwa mabao matatu, tukarudi bila kikombe, na kabla ya chakula cha jioni alikuwa amekwisha kupewa jina: Mlango Wazi. Jina hilo analo bwenini hadi leo.

Ndugu wasomaji, sina nia ya kumlaumu mwalimu wetu wa michezo, ambaye hutumia jioni zake zote kwa ajili yetu. Lakini napenda kuuliza: kijana yule alikosa nini? Sisi ndio tuliomweka benchi tangu muhula ulipoanza, kisha tukamtaka katika dakika moja awe hodari. Nami nina sehemu kubwa ya lawama, maana nilitaka kucheza kila mechi, hata zile za kirafiki.

Jambo hili si geni duniani. Iko hoki nyingine, ile inayochezwa juu ya barafu huko Canada na Marekani, ambayo badala ya mpira hutumia kisahani cha mpira mgumu. Zamani timu za ligi yao kubwa zilikuwa na desturi ya kumtegemea kipa mmoja tu. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, kipa wa Montreal aitwaye Jacques Plante alipigwa na kisahani hicho usoni, akapasuka. Timu yake haikuwa na kipa mwingine. Akashonwa, kisha akasema kwamba hatarudi mchezoni asipovaa kifuniko cha uso. Kocha wake hakukipenda kifuniko hicho, lakini hakuwa na la kufanya. Montreal walishinda 3-1.

Watu humsimulia Plante kwa kumsifu, na sifa hizo anazistahili. Lakini hadithi hiyo yatuonyesha pia ubovu wa mpango, kwa kuwa timu nzima ilitegemea uso wa mtu mmoja. Tangu msimu wa 1965-66 kila timu ya ligi hiyo imetakiwa kuwa na makipa wawili waliokwisha kuvaa, tayari kwa mchezo.

Hata hivyo, kumvika mtu si kumtayarisha. Timu hizo hucheza mechi zaidi ya 80 katika msimu, na kocha humgawia kipa wa pili baadhi yake, hasa timu inapocheza siku mbili mfululizo. Tena makipa vijana wengi hupelekwa kwenye timu za daraja la chini, wapate kucheza badala ya kukalia benchi. Mwanzoni mwa Januari 2019, timu ya St. Louis ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima. Ndipo kipa Jordan Binnington, aliyetoka daraja la chini, alipopewa lango. Mwezi wa Juni mwaka huo huo walitwaa kombe. Kijana huyo hakutoka benchi; alitoka kwenye mechi.

Najua jibu nitakalopewa. Mtasema kwamba siku ya mchezo twaruhusiwa wachezaji 16 tu, na kwamba kipa wa pili humnyima nafasi mshambuliaji ambaye angeweza kuingia na kutoka mara nyingi. Mtasema kwamba hata India, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, waliweka kipa mmoja tu, P. R. Sreejesh, kati ya wachezaji wao 16, na wakapata medali ya shaba. Hayo ni kweli. Lakini akiba wao aliyekuwa nje, Krishan Pathak, alikuwa amekwisha kuichezea nchi yake zaidi ya mechi 100. Kama Sreejesh angeumia, angeingia mtu anayelijua lango. Sisi tungemwingiza nani?

Basi, napendekeza mambo manne. Kwanza, katika kila mechi tatu za kirafiki, moja iwe ya kipa wa pili, na jambo hilo libandikwe kwenye ubao wa matangazo muhula unapoanza, ili asiye na nafasi leo aijue siku yake. Pili, jioni za mazoezi, makipa wote wawili wapigiwe kona fupi kwa idadi sawa. Tatu, kipa anayeumwa aseme, na asiogope kwamba kusema ni kufukuzwa. Mimi sikusema, na mmeona matunda yake.

La nne nalielekeza kwa wazazi wetu. Shule ina seti moja tu ya pedi, glavu na kofia ya kipa. Ninapozivaa mimi, mwenzangu husimama nyuma ya wavu akiokota mipira. Mtu hawezi kujifunza kuogelea akiwa ameketi ukingoni. Naomba katika mkutano ujao wa wazazi jambo hili litajwe. Twafahamu kwamba vifaa hivyo ni ghali na kwamba karo nayo ni nzito. Ikiwa hapana fedha kwa sasa, basi na tugawane saa za kuvitumia, nusu kwa nusu. Hilo halihitaji senti moja.

Nitaambiwa kwamba tukifanya hivyo tutapoteza mechi moja au mbili za kirafiki. Huenda tukazipoteza. Lakini afadhali kufungwa mabao matatu siku ya Jumamosi hapa nyumbani, ambapo hapana kikombe, kuliko kufungwa siku ya fainali.

Mimi namaliza masomo yangu mwaka huu. Mkono umepona, lakini pedi si zangu, na lango litabaki. Atakayesimama hapo mwakani, mvua ikinyesha na timu ngeni ikija mbio na magongo yao, ni kijana yule yule tunayemcheka bwenini. Nawaombeni, ndugu zangu, mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nami nimekwisha kumwomba mwalimu kwamba mechi ya kirafiki ijayo alinde lango yeye.

Kipa wa Kwanza,
Kidato cha Nne