Dola nne na nusu za Carrie: kabla hujamwita mhuni, piga hesabu

Wiki hii siwaletei habari za vipodozi, wala dalili kumi za mwanaume mwongo. Naleta kitabu. Usigeuze ukurasa, dada, kitabu chenyewe ni kasheshe tupu: kuna mabwana wawili, kuna wizi wa fedha za baa, kuna ndoa ya kughushi, na katikati yupo msichana wa miaka 18 ambaye kila anachokifanya, ukikifuatilia kilipoanzia, unakuta ni pesa. Tena siyo mamilioni. Senti.

Kinaitwa Sister Carrie, kimeandikwa na Mmarekani Theodore Dreiser, na kilitoka mwaka 1900. Nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitoka jasho, maana huyu bwana akianza kueleza jambo hajui kumaliza. Kurasa nzima anahubiri tu. Lakini akifika kwenye hela, hana mpinzani. Kodi, koti, mwavuli, chumba cha gesti, kila kitu kina bei yake. Ukifunga kitabu unaweza kumfanyia Carrie bajeti.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alinikatisha: "Huyo mchuna buzi tu, usinipotezee muda." Basi nikamwambia achukue karatasi na kalamu. Na wewe chukua.

Ni Agosti 1889. Carrie anapanda treni kutoka mji mdogo kwenda Chicago. Kwenye pochi ana tiketi, kikaratasi chenye anwani ya dada yake, na dola nne. Anafikia kwa huyo dada, Minnie, mtaa wa Van Buren, ghorofa ya tatu. Minnie ana mtoto mchanga na mume aitwaye Hanson, kazi yake kusafisha mabehewa ya barafu kule kwenye machinjio. Wewe uliyewahi kukaa kwa shemeji unajua hali inavyokuwa. Hakuna anayemfokea, hakuna anayemnyima chakula, ila nyumba nzima inapumua kwa hesabu. Hanson si mtu mbaya, na hapo nampa heko mwandishi kwa kutomfanya shetani. Tatizo la Hanson ni viwanja. Anavyo viwili upande wa magharibi wa mji, analipia kidogo kidogo kila mwezi, na ndoto yake ni kujenga. Kwa hiyo shemeji hajavua viatu vizuri keshaingizwa kwenye bajeti ya kiwanja. Chumba na chakula, dola nne kwa wiki.

Carrie anazunguka kutafuta kazi mpaka nyayo zinawaka moto. Mahali pamoja wanamtajia dola tatu na nusu kwa wiki. Baadaye anapata kiwanda cha viatu, dola nne na nusu. Anakaa kwenye mashine ya kutoboa matundu ya kamba za viatu kutwa nzima, mgongo umekunjika, hewa nzito, wanaume wa kiwandani wanamrushia maneno ya ovyo.

Haya, kalamu. Nne na nusu, toa nne. Zimebaki senti 50. Tramu ya Chicago enzi hizo nauli ilikuwa senti tano, kwenda na kurudi senti kumi, kazini siku sita. Senti 60. Yaani mtoto wa watu hajanunua hata karanga, na mji tayari unamdai senti kumi kila wiki. Dawa yake ni kutembea kwa miguu. Sabuni je? Soksi je? Ametoka kwao na nguo za kiangazi, na Chicago ikianza baridi haina utani.

Rafiki yangu alikuna kichwa, kisha akasema: "Si angebana?"

Angebana nini? Mvua zilipoanza alinunua mwavuli wa dola moja na robo, dada yake akamwona mjinga. Mwavuli jamani, siyo rangi ya mdomo. Akaendelea hivyo hivyo na viguo vyake vyepesi mpaka baridi ikamlaza kitandani siku tatu. Alipopona, kazi haipo. Akaanza upya kuzunguka, na nyumbani ikaanza kusikika minong'ono kwamba basi arudi kwao.

Hapo ndipo anamgonga barabarani Drouet, kijana mmoja waliyejuana kwenye ile treni. Huyu anauza bidhaa za kampuni, anasafiri mji hadi mji kutafuta oda. Mtanashati, maneno mengi, mfuko haujatoboka, na roho yake siyo mbaya. Anampeleka hotelini, anamlisha nyama ya nguvu, na hapo hapo mezani anamwekea mkononi noti mbili za dola kumi kumi.

Naomba msiruke hapa kama alivyotaka kuruka rafiki yangu. Dola 20! Kwa Carrie hiyo ni zaidi ya mshahara wa wiki nne. Kwa mawazo ya harakaharaka unadhani shida imekwisha, atanunua koti. Anakwenda dukani, anazishika nguo, anazijaribu, anatoka mikono mitupu. Kwa nini? Kwa sababu koti halifichiki. Akiingia kwa Minnie amevaa koti jipya, Minnie atauliza limetoka wapi, na msichana asiye na kazi hana jibu la swali hilo. Pesa anayo mfukoni na hawezi kuitumia! Anafikia hatua ya kutaka kumrudishia Drouet noti zake. Wangapi tunaijua pesa ya namna hiyo? Imo kwenye pochi, ina uwezo wa kununua kila kitu, ila kila kitu itakachonunua kitakushitaki nyumbani.

Drouet anacheka. Anampeleka mwenyewe dukani, linanunuliwa jaketi, vinanunuliwa viatu, na kwa vile haviwezi kwenda kwa Minnie, basi inatafutwa nyumba ambayo vinaweza kwenda. Mmeona ilivyofungwa? Carrie hakuondoka kwa dada yake kwa sababu ya mapenzi. Aliondoka kwa sababu jaketi halikuwa na mahali pa kuning'inia. Anaacha kikaratasi na kutokomea, na muda si mrefu anakaa na Drouet kama mke, ndoa ikiwa ahadi ya kesho.

Wazee wa enzi hizo walikasirika, lakini kilichowakera zaidi ni kwamba Carrie haadhibiwi. Hapati ugonjwa, hajitupi mtoni, harudi nyumbani akilia. Anazidi kupanda. Mkuu wa kampuni ya uchapaji, Frank Doubleday, alirudi kutoka safari ya Ulaya akakuta wenzake wameshakikubali kitabu, akakisoma, akachukia. Dreiser akang'ang'ania mkataba. Wakachapa nakala kama elfu moja wakakiacha kijifie. Ziliuzwa nakala 456, na mwandishi akalipwa dola 68 na senti 40. Hebu fikiria, kitabu kizima! Mimi ninayelipwa kwa safu moja moja, tena kwa kukumbushia, nilicheka kisha nikanyamaza. Jamaa aliugua huzuni miaka kadhaa, mpaka kitabu kilipotolewa upya mwaka 1907 kikapata wasomaji.

Na hakuwa akitunga hewani. Dada yake wa tumbo moja, Emma, mwaka 1886 alitoroka Chicago na bwana aliyekuwa na mke, na bwana huyo alikuwa amechota dola 3,500 za mwajiri wake, wenye baa. Dreiser alikuwa anaandika habari za nyumbani kwao, na labda ndiyo maana hawezi kumrushia Carrie mawe.

Kwenye kitabu huyo bwana wa pili anaitwa Hurstwood, meneja wa baa ya wenye nazo, suti safi, mke na watoto wakubwa. Anamwonjesha Carrie maneno matamu, na usiku mmoja akiwa amelewa anakuta sefu ya tajiri wake haijafungwa, ndani zaidi ya dola elfu kumi. Anazitoa, anazirudisha, anazitoa tena, mara mlango wa sefu unajifunga pwaa na pesa iko nje. Anamdanganya Carrie kwamba Drouet kaumia, anampakia kwenye treni, wanaibukia Montreal. Kule wanamkamata kwa barua za upole, anarudisha dola 9,500, anabaki na 1,300. Anafunga ndoa na Carrie kwa jina la uongo, na mkewe wa kwanza bado yupo hai. Wanahamia New York.

Nawaruka miaka. Anaingia ubia kwenye baa, baa inafungwa, zinabaki dola 700. Hatafuti kazi kwa moyo. Anakaa kwenye kiti cha kubembea anasoma magazeti, ndevu hazinyolewi, anakwenda dukani mwenyewe kununua nyama ili abane senti. Hurstwood yule! Carrie ndiye anayetoka, anapata kazi ya kunengua jukwaani, dola 12 kwa wiki. Analipa kodi, analipa dukani, anahitaji viatu na hela ya viatu imeliwa na deni ambalo hakujua lipo.

Hapa mimi nilimwona Hanson amerudi, safari hii amevaa gauni. Carrie sasa ndiye anayehesabu, ndiye anayemtazama mtu aliyekaa kitini na kujiuliza huyu analeta nini humu ndani. Hamfokei. Siku moja anahama kimyakimya, anaacha kikaratasi kama alivyomwachia Minnie, na ndani ya kikaratasi dola 20. Kiasi kilekile alichopewa na Drouet. Dreiser wala hasemi tuangalie, anaweka tu.

Rafiki yangu alikuwa ameshalainika, lakini hapo tuligombana kweli. Yeye anasema mwanaume aliyepoteza kila kitu kwa ajili yako humwachi na ishirini mezani. Mimi nasema hakupoteza kwa ajili yake, aliiba na akamdanganya akampandisha treni, na Carrie hakuwahi kuulizwa. Hata hivyo nakiri kwamba kurasa zinazofuata zinauma. Carrie anapanda hadi dola 150 kwa wiki, mshahara wa kwanza unamshinda hata kuupangia matumizi. Usiku mmoja Hurstwood anamsubiri nje ya ukumbi, nguo chakavu, anaomba. Carrie anamimina pochi yote, zinatoka dola tisa. Baadaye Hurstwood analipa senti 15 za chumba cha gesti ya makapuku, anafungua gesi, analala.

Wakati huo Carrie yupo hoteli ya Waldorf, amekaa kwenye kiti chake cha kubembea. Hana habari kwamba amekufa.

Haya, kina dada na kina kaka, niandikieni: wewe ungemwachia ngapi? Rafiki yangu anasubiri majibu yenu, tumewekeana dau la soda. Wiki ijayo narudi kwenye vipodozi.