Kabla ya Kupasuliwa Nyonga Tena
Ni jambo la kusikitisha kuona mgonjwa akikubali kupasuliwa nyonga mara ya pili kwa neno la daktari mmoja tu. Tangu John Charnley alipofanikisha nyonga ya bandia huko Uingereza mnamo 1962, upasuaji wa kwanza umewapunguzia wengi maumivu. Kuurudia ni kazi nyingine kabisa: kiungo cha zamani hung'olewa, mfupa hupungua, na hatari ya kuteguka au kuingiwa na viini huongezeka.

Mimi nimeshauriwa niurudie, nami sijatia sahihi. Nilimwuliza daktari nyonga hii imeharibikaje, akasema tutajua tukishaifungua. Jibu hilo halinitoshi. Huenda kiungo kimelegea, huenda kina viini, huenda hata maumivu yenyewe yatoka mgongoni; na kila moja lina tiba yake. Damu na majimaji ya kiungo hupimwa kabla ya kisu, si baadaye.

Mkataba wa haki za wagonjwa wa 2013 hapa Kenya wamtambulia mgonjwa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Basi hospitali zisinune zikiombwa picha za eksirei na ripoti ya upasuaji wa kwanza. Zangu nimeziomba mara tatu, ningali nangoja.