Tumbusi Si wa Kurushwa kwa Makofi

Nataka kuchangia jambo moja linaloniudhi hapa kwetu Naivasha, nalo ni hii tabia ya watu kuwatisha ndege kule Hell's Gate ili wapigwe picha wakiruka.

Wengi wetu tumewahi kuingia mbuga hiyo kwa baiskeli, maana ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu. Katika majabali yake hutaga tumbusi, wale ambao sisi huwaita tai tu. Mgeni huja na kamera yenye lenzi ndefu kama bomba, anamwona ndege ametulia jabalini, basi anachoka kungoja. Hapo vijana wetu hupiga makofi na miluzi, wengine hata hurusha mawe, na mgeni anatoa mia. Nimeona kwa macho yangu, sikuambiwa.

Sasa sikilizeni. Tumbusi huyu aitwaye wa Rüppell hutaga yai moja tu, akaliatamia karibu miezi miwili, baba na mama wakipokezana. Si kuku, jamani, wa kutotoa kumi akabaki na sita! Akiruka kwa hofu, yai linabaki kwenye mwamba juani, au ndege mwingine anajipatia kiamshakinywa. Tangu mwaka wa 2015 wataalamu wamewahesabu tumbusi hawa kuwa katika hatari kubwa mno ya kuangamia, na sababu mojawapo kubwa ni sumu inayotiwa kwenye mizoga. Ikiwa sumu inawamaliza, ya nini sisi kuongeza makofi?

Binamu yangu husema ati picha ndizo huleta watalii, na watalii ndio karo. Kuhusu karo sibishani naye. Hata yangu hutoka kwa baiskeli ambazo baba hukodisha karibu na lango. Lakini hesabu yake ina walakini. Ndege aliyeshtuliwa hukupa mgongo na mkia, picha yenyewe haipendezi. Tumbusi ni mzito, mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita mbili, kwa hivyo hapendi kuyapigapiga ovyo. Hungoja jua lipashe miamba na hewa moto ianze kupanda, kama saa tatu au saa nne asubuhi, ndipo hujitupa na kuzunguka polepole mpaka juu kabisa. Mwaka wa 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, mita 11,000 na zaidi angani! Basi mwenye kamera akae mbali, barabarani, alipe jua mgongo, angoje. Watampitia juu ya kichwa wenyewe.

Na wale vijana wangeweza kupewa hiyo mia kwa kumwonyesha mgeni pa kusimama na saa ya kungoja. Nimemwambia binamu yangu hivyo. Amesema atafikiria, ila kwanza nimtafutie mgeni asiyekuwa na haraka.